Buluu Mgongoni

Filamu yetu ilikuwa na dakika hamsini na tatu, na kati ya hizo niliogopa moja tu.

Sikuamka na woga huo. Jumamosi ile nilitoka Lindi kifua mbele. Mimi na Valentini tulifika kijijini kwangu Mchinga kabla ya adhuhuri tukiwa na projekta ya kuazima, tumeifunga ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Miezi miwili tulikuwa tumejifungia katika chumba kimoja mtaa wa Rasbura mjini Lindi, tukikata na kuunga picha kwenye kompyuta yenye kioo kilichopasuka. Kila neno lililosemwa katika filamu ile nililiandika mimi. Mashairi matatu yaliyoimbwa ndani yake niliyatunga mimi, bila kufundishwa na mtu yeyote. Nilitaka Mchinga nzima ilijue hilo kabla jua halijazama.

Filamu tuliiita *Shule ya Mawimbi*. Vijana wawili wa pwani wanasikia kwamba huko duniani kuna miji inayoishi kwa kupanda mawimbi. Watu wanavuka bahari kwenda tu kusimama juu ya ubao na kuanguka. Basi nao wanafungua shule ya mawimbi kwao, mahali ambapo wimbi likijitahidi sana linafika magotini. Mwalimu wa shule ni Tawakali, mchekeshaji asiyejua kuogelea. Mzungu anayekuja kujifunza ni Valentini, kapakwa unga wa muhogo usoni na kuvalishwa kofia ya mkwewe. Mimi nilishika simu ya kupigia picha. Hatukuwa na kitu kingine.

Mwalimu Benjamini, mstaafu anayeshika funguo za shule ya msingi, alitupa darasa la tano. Tuliziba madirisha kwa mablanketi na viroba, ukuta wa mbele ukapakwa chokaa mpya. Baada ya swala ya alasiri watu wakaanza kuingia. Mpaka madawati yanajaa, wengine walikuwa wamekaa chini mpaka karibu na miguu ya meza ya projekta.

"Bosi wa filamu!" Tawakali alinipiga begani. "Rasbura wanakulisha nini? Umeota shingo kama ya diwani."

"Nimeota shingo kwa kukubeba wewe. Dakika hamsini na tatu nakubeba."

"Na huyu Mmatumbi wako? Keshaosha unga usoni?"

"Mimi nimezaliwa mlimani na nimekaa juu ya ubao kukushinda wewe wa pwani," Valentini alimjibu bila kuinua kichwa kwenye nyaya zake. "Mtani, kaa kimya nifanye kazi."

Nilicheka. Hicho ndicho kicheko changu cha mwisho siku ile.

Katika dawati la pili kutoka mbele alikuwa amekaa Bakary, mvuvi wa pweza, mtu mrefu mwenye mikono kama makasia. Darasa zima watu walikuwa wamebanana mpaka wanapakatana, lakini dawati la Bakary lilikuwa na mtu mmoja tu, Bakary mwenyewe.

"Mbona kaachwa peke yake?" nilimuuliza Tawakali. "Bado wanamwogopa kwa msiba?"

Tawakali alinivuta pembeni. "Kweli wewe umepotea mjini. Hujasikia?"

"Nilisikia mkewe kafariki. Homa."

"Homa ni ya hospitali. Ya mtaani ni nyingine." Alishusha sauti. "Siku Mama Nasma anaoshwa, mwanamke mmoja aliyekuwa anamimina maji aliuona mgongo wake walipomgeuza. Buluu. Michirizi ya buluu, toka mabegani hadi kiunoni, kama mtu aliyecharazwa na mpini. Bibi yako alimfukuza pale pale, akamaliza kuosha peke yake. Lakini yule mama kishaona. Kufika magharibi kijiji kizima kinajua Bakary kamuua mkewe."

"Polisi?"

"Nani aende polisi? Keshazikwa. Wakwe zake walikuja toka Kitomanga wakamchukua mtoto. Nasma, yule mdogo wa miaka sita. Wamesema hawamrudishi kwa mwuaji. Amekwenda mara tatu kumfuata, mara ya tatu wakamtolea panga."

"Na bibi kasema nini?"

"Bibi yako unamjua. Kaulizwa na wakwe, kaulizwa na imamu, kaulizwa na mwenyekiti. Anajibu moja tu: 'Mimi ni mwosha maiti, siyo mtangazaji.'"

Kwetu ndivyo ilivyo. Mwenye kuosha maiti hasemi alichokiona. Kama uso wa marehemu umenawiri, anaweza kuwapa wafiwa hilo liwafariji. Kitu kingine chochote, awe ameona kovu, jeraha au aibu, anakifukia pamoja na maji. Bibi yangu, Bi Kudra, ameosha wanawake wa Mchinga kwa miaka thelathini, na watu wanamwachia miili ya mama zao kwa sababu ya mdomo wake kuliko mikono yake.

Tawakali aliendelea kusema, lakini nilikuwa simsikii tena. Nilishika ukingo wa dirisha.

Tulipokuwa tunapiga picha, hatukuwa na ubao wa kupandia mawimbi. Tulijaribu mlango wa choo cha akina Tawakali, ukazama. Tulijaribu meza, ikampindukia Valentini ikamvunja jino. Ndipo nikaenda uani kwa bibi, ambaye wiki ile alikuwa Kilwa Masoko kwa ndugu zake. Nyuma ya jiko, chini ya makuti, ulikuwa umeegemezwa ubao wa mninga, mrefu kupita mtu, umelainika kama umepigwa msasa miaka mingi, hauna msumari hata mmoja. Katikati umechongwa mfereji mwembamba wa kupitisha maji.

Nilijua ni wa nini. Mtoto yeyote aliyekulia uani pale anajua. Mama yangu alilazwa juu yake nikiwa na miaka tisa.

Nikajiambia, mbao ni mbao. Nikajiambia mtu anayeogopa mbao hawezi kutengeneza filamu. Wenzangu niliwadanganya kwamba nimeuazima kwa fundi wa mashua. Ili usijulikane niliupaka rangi: chokaa, uji wa muhogo, na pakiti zote za buluu ya kufulia ambazo bibi hung'arishia mashuka. Nikauchorea na meno ya papa. Ulipendeza sana. Picha zilipokwisha niliusugua kwa mchanga na maji ya bahari mpaka ukarudi rangi yake, nikauegemeza mahali pake. Ndani ya nyufa za mbao sikuangalia.

Wiki mbili baadaye Mama Nasma alikufa kwa homa, wakamlaza juu yake, wakammiminia maji ya vuguvugu.

Na dakika ya arobaini na moja ya filamu yangu ilikuwa hii: Tawakali anamwonyesha Mzungu jinsi ya kulala juu ya ubao, analala yeye mwenyewe chali. Wimbi dogo linampitia. Anainuka, anawageukia wanawake wanaokusanya kaa mchangani, anatembea mbele yao kwa maringo, hajui kwamba mgongo wake wote umekuwa wa buluu. Hatukuipanga. Rangi ilitoka yenyewe, tukaiacha kwa sababu ilichekesha kuliko vyote nilivyoandika.

Nilimfuata Valentini mezani. "Ruka dakika ya arobaini na moja."

"Umerogwa? Hiyo ndiyo filamu yenyewe."

"Nakuomba, iruke."

"Yassini, miezi miwili sikulala kwa ajili ya mgongo ule. Nenda kaa kule, tunaanza."

Ningemwambia kwa nini. Sikuthubutu. Watu mia na zaidi, mlango mmoja, na Bakary yumo ndani.

Nikaazimia kuchomoa waya wa umeme dakika ikikaribia. Soketi ilikuwa moja tu, kwenye kona ya nyuma. Nilipogeuka kuielekea nilimkuta bibi. Alikuwa ameingia kimya kimya, kavaa baibui lake la misibani, kaweka kigoda chake sawasawa mbele ya soketi ile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja kuona ulichokuwa unakitunga."

"Bibi, hapo pana joto. Njoo ukae mbele."

"Hapa hapa pananitosha."

Nilikumbuka kitu. Miezi miwili nyuma, siku chache baada ya msiba, alinipigia simu Rasbura. Aliniuliza kama ninakula. Kisha akauliza, "Ile buluu yangu ya kufulia uliimaliza wewe?" Nikasema ndiyo, kwa kazi ya filamu. Alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilidhani salio limekwisha. Halafu akaniuliza habari za mvua.

Taa zikazimwa.

Dakika za kwanza watu walicheka kabla hata ya kuchekeshwa, kwa kujiona tu. "Yule si mbuzi wangu!" mmoja alipiga kelele. Tawakali alipotokea na miwani ya kuogelea iliyotengenezwa kwa chupa, akina mama walipigana vibao vya mabega. Wavuvi walikaa nyuma wakikosoa.

"Wimbi gani hilo? La kunawia uso?"

"Ngoja, labda jingine linakuja."

"Limekuja. Limefika kwenye kifundo."

Mwalimu Benjamini hakucheka. Kila baada ya muda alisafisha koo akasema, kwa sauti ya kusikika, "Yaani sisi ndio wajinga wa kuchekwa? Hii itafika Dar es Salaam, watatuonaje?" Imamu alivumilia mpaka Tawakali alipojifunga kanga ya mkewe, akainuka akatoka, na vijana wakampisha kwa heshima kisha wakacheka zaidi. Shairi langu la kwanza lilipoimbwa, msichana mmoja mbele yangu alilirudia mstari kwa mstari kama aliyelisikia zamani. Siku nyingine yoyote ningelia kwa furaha. Siku ile nilikuwa nahesabu. Ishirini na sita. Thelathini na tatu. Macho yangu hayakuwa ukutani, yalikuwa kwenye kisogo cha Bakary.

Na Bakary alikuwa anacheka. Mwanzo alitikisa mabega tu, kama mtu aliyesahau namna ya kucheka. Kisha Valentini alipoanguka na kofia ya mkwewe ikaelea peke yake, alicheka kwa sauti, akageuka kumtafuta mtu wa kucheka naye. Nafasi ya kando yake ilikuwa tupu. Akageuka tena mbele.

"Nani kamleta huyu?" nilimnong'oneza Tawakali.

"Bibi yako. Alimpitia nyumbani. Alimwambia aje acheke kidogo."

Thelathini na tisa. Nilikwenda kwenye kona nikipapasa ukuta. Nilikuwa nimekwisha kuinama, mkono wangu umepita nyuma ya kigoda, kidole kimegusa waya, bibi aliponishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vya baridi. Hakunitazama.

"Uache," alisema.

"Bibi, nakuomba."

"Mimi siwezi kusema. Uache ubao useme wenyewe."

Ndipo nilipoelewa kwa nini alivaa baibui la misibani.

Tawakali alilala chali. Kwenye simu na kwenye kioo chetu kilichopasuka, ubao ule ulikuwa kipande cha rangi tu. Ukutani ulikuwa na urefu wa mita tatu, na kila kitu kilionekana: meno ya papa, mfereji wa katikati, mviringo wa upande wa miguu. Wimbi likapita. Tawakali akasimama, akawageukia wanawake, na mgongo wake ukajaa ukuta. Buluu. Michirizi ya buluu, toka mabegani hadi kiunoni.

Darasa lilipasuka. Watu walianguka kutoka kwenye madawati. Mwalimu Benjamini mwenyewe alishindwa, akafuta macho kwa leso. Katikati ya kelele ile niliona kisogo kimoja kisichotikisika.

Bakary alisimama. Kivuli chake kikaziba nusu ya picha.

"Kaa, baba, tunaona mgongo wako badala ya mgongo wa Tawakali!"

"Rudisha," alisema.

Valentini alifurahi. "Umeipenda, kaka? Hiyo nilijua tu." Akarudisha.

Tawakali akalala, wimbi likapita, mgongo ukajaa ukuta. Watu walicheka tena, lakini wanawake wa upande wa kushoto walikuwa wamenyamaza. Mmoja alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono. Nilielewa. Ndiye aliyemimina maji.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Nyayo za Tawakali mchangani zilisikika zote, moja moja, na sauti yangu mwenyewe nyuma ya simu ikicheka kwa pumzi. Valentini akasimamisha picha pale pale, akawasha taa, maana hata yeye aliona kwamba kuna jambo.

"Ubao huu ni wa nani?" Bakary aliuliza.

"Wangu," alisema bibi kutoka kwenye kona.

Vichwa vyote viligeuka. Hakuna aliyehitaji kuambiwa bibi ana ubao wa nini. Nilisikia mtu akisema "Lahaula" na benchi likiburutwa, watu wakijisogeza mbali na ukuta ule kana kwamba ubao ungetoka.

"Nani aliupaka rangi, Bi Kudra?"

Bibi alikazia macho ukutani, mikono mapajani, mdomo umefungwa kama unavyofungwa siku zote. Hakuniangalia. Kama angeniangalia, ingekuwa amesema.

Mlango ulikuwa wazi. Niliuona. Ningefika barabarani kabla Bakary hajavuka madawati mawili, na kabla ya magharibi ningekuwa Lindi. Wangemlaumu bibi, na bibi angenyamaza mpaka kaburini. Mimi niliyewahi kusimama juu ya gari la matangazo nikaimba beti arobaini bila karatasi, nilitafuta maneno mawili nikayakosa.

"Ni mimi," nikasema.

"Sema kwa sauti," Bakary alisema. "Huku mbele hatujakusikia."

"Ni mimi! Niliuchukua uani kwa bibi, hakuwepo. Niliupaka buluu ya kufulia. Niliurudisha haujatakata. Mama Nasma hakupigwa na mtu. Ile ni rangi yangu."

Bakary alikuja. Watu walimpisha njia, na mimi nilifumba macho nikingoja mkono. Nilihisi pumzi yake usoni, pumzi ya mtu aliyekimbia. Ngumi haikuja. Nilipofumbua macho alikuwa amesimama karibu mno.

"Siku sitini na nane," alisema polepole. "Nimekaa na nyumba tupu siku sitini na nane. Nilianza kujiuliza mwenyewe kama nilimpiga usingizini." Akanishika ukosi. "Kesho asubuhi Kitomanga. Wewe na hiyo picha yako."

"Watanikata."

"Labda."

Kesho yake tulikwenda kwa miguu sehemu kubwa ya njia, Bakary mbele, mimi na kompyuta kifuani, Valentini nyuma akisali kimoyomoyo. Bibi alikuwa ameniambia neno moja tu alfajiri, wakati akimwaga majivu juu ya ubao wake, alioupasua vipande usiku ule: mpya nitauchonga mimi, kwa mkono, bila msaada wa fundi.

Mama wa marehemu alitukuta uani. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Kaka wawili wa marehemu walisimama kando ya banda la kuku. Mmoja alikuwa na panga, na hakulificha. Nilipiga magoti. Nilieleza yote, tangu mlango wa choo uliozama mpaka nyufa ambazo sikuziangalia. Hakuna aliyenisaidia.

"Nionyeshe," alisema yule mama.

Niliweka kompyuta juu ya mkeka. Valentini akabonyeza badala yangu. Tawakali akalala chali juani. Wimbi likapita.

Sikujua kwamba Nasma yupo nyuma ya mlango. Alikuwa ametoka, amesimama nyuma ya bega la bibi yake, miguu mitupu. Mgongo wa buluu ulipojaa kioo kilichopasuka, mtoto alicheka. Kicheko kirefu, cha tumboni, peke yake katika ua ule wote.

Mwenye panga alipiga hatua. Mama yake aliinua mkono kumzuia.

"Rudisha," alisema.

Valentini akarudisha. Mtoto akacheka tena, vile vile. Yule mama hakukitazama kioo mara hii. Alimtazama Bakary, aliyekuwa amebaki langoni, hajathubutu kuingia.

"Nasma," alisema, "vaa viatu."

Mtoto alikimbilia ndani. Kaka wa marehemu alilichomeka panga lake kwenye gogo, akaketi chini, akaficha uso kwenye magoti yake. Nasma alirudi na viatu vyake mkononi, kwa haraka hakuvivaa, akawapita wote akielekea langoni.

Mimi hakuna aliyeniambia niinuke.